UFAFANUZI: Kikomo cha fedha za kampeni na uhuru wa kujieleza

MGOMBEA wa udiwani katika wadi ya Marani, eneobunge la Kitutu Chache Kaskazini, anaweza kutembea sokoni kwa miguu akiomba kura. Mpinzani wake mwenye mfuko mnono atakodi magari ya vipaza sauti, atabandika mabango kila njiapanda na kulipia matangazo ya Ekegusii redioni. Haki wanayoitumia ni moja. Sauti ndizo hazilingani.

Katiba ya 2010 inagusa pande zote mbili. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na cha 88(4)(i) kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) jukumu la kudhibiti fedha anazotumia mgombea au chama. Hapo Kenya inaachana na Marekani. Mahakama ya Juu ya huko iliamua mnamo 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, kuwa michango yaweza kuwekewa kikomo lakini si matumizi ya mgombea, kwani kubana matumizi ni kubana usemi.

Wanaopinga kikomo nchini wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Mbunge aliye kitini tayari anajulikana, na jina lake husikika kila darasa la fedha za ustawi wa maeneobunge linapofunguliwa. Mgeni sharti agharimike ili ajulikane. Wanaokiunga mkono hujibu kwamba bila kikomo, mgeni asiye na tajiri wa kumdhamini hawanii kabisa.

Takrima kwa wapigakura ni suala jingine. Hongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, kikomo kiwepo kisiwepo.

Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa 2013, ikasimamishwa kwa uchaguzi wa 2017. Agosti 2021, IEBC ilichapisha viwango, cha urais kikiwa takriban Sh4.4 bilioni. Bunge la Kitaifa lilizikataa kanuni zake mwaka uo huo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Yafaa kukumbuka kwamba waliokataa ndio hao ambao kikomo kingewabana.

Kisheria, viwango hutakiwa kuchapishwa angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa ule wa Agosti 2027, makataa ni Agosti 2026.