Friji ya Yoti Inakula Stima Ngapi? Piga Hii Hesabu Kwanza

Ukiona yoti imetia nanga Kilifi Creek, jua kuna mlafi mmoja ndani: friji. Hakuna kitu humaliza betri ya boti kama hiyo.

Kompresa zenye utazipata sana, kama Danfoss BD35 (siku hizi inaitwa Secop), zinatumia stima ya DC, volti 12 au 24. Kwa volti 12, ikiwaka inavuta kama ampea 4. Na hii joto ya Pwani inaweza piga kazi masaa 12 kwa siku, so hiyo ni ampea-saa 48. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushuka chini ya nusu. Siku moja na umeisha! Sola ya wati 200 inarudisha hiyo yote, bora tanga lisiiwekee kivuli.

Lakini chenye huchomea wasee ni waya. Ikiwa nyembamba, volti zinashuka kompresa ikijaribu kuwaka, inajizima, na wewe unalaumu betri. Kabla utoe doo ya betri mpya, weka mita pale kwa kompresa yenyewe, wakati inajaribu kuwaka, ndio usome volti.