Mabaki Yalitoka Wapi: Historia ya Mifarishi ya Viraka ya Gee's Bend

Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Mto Alabama ukifika kaunti ya Wilcox hujipinda na kuizunguka nchi kavu pande tatu, na ndani ya pindo hilo kuna kijiji kinachojulikana kwa jina la Gee's Bend, ingawa jina lake rasmi tangu mwaka 1949 ni Boykin. Wakazi wake, ambao karibu wote ni wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, wamepata sifa duniani kwa kushona mfarishi wa viraka, yaani tandiko la kujifunikia lenye matabaka matatu: uso ulioungwa kwa vipande vya nguo, pamba ya kujazia katikati, na bitana upande wa chini, yote yakibanwa pamoja kwa mishono ya bandi inayopenya kutoka juu hadi chini. Sifa hiyo ilienea mwaka 2002, mifarishi hiyo ilipotundikwa kwenye kuta za majumba makubwa ya sanaa, na kwa sababu hiyo waandishi wengi huisimulia kana kwamba ni historia ya uchoraji. Hata hivyo, mshonaji wa Gee's Bend, kabla ya kuitunga sindano uzi, alikuwa na swali moja la kulijibu, nalo ni vitambaa vitatoka wapi. Na atakayeifuata historia ya kijiji hicho kwa swali hilo ataona kwamba kila kipindi cha uchumi wake kiliacha mabaki ya aina yake, na kwamba mabaki hayo ndiyo yaliyoamua, kwa kiasi kikubwa, rangi na maumbo yanayostaajabiwa leo.

Pamba iliyokwenda na pamba iliyobaki

Kijiji kilipata jina kutokana na Joseph Gee, mmiliki wa watumwa kutoka North Carolina aliyeanzisha shamba la pamba ndani ya pindo la mto mwaka 1816. Baada ya kifo chake shamba hilo liliwafikia wana wa nduguye, ambao mwaka 1845 walilikabidhi kwa jamaa yao Mark Pettway ili kulipa deni la dola 29,000. Mwaka uliofuata Pettway alihamia Alabama, na watumwa wapatao 100 aliowaleta walitembea kwa miguu kutoka North Carolina hadi kwenye shamba hilo. Watumwa walipewa jina la bwana wao, na hadi leo Pettway ndilo jina la ukoo la wakazi wengi wa kijiji, wakiwemo wasio na udugu wowote wa damu.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, waliokuwa watumwa hawakupata ardhi, bali walibaki palepale wakiwa wakulima wapangaji, yaani wakulima wanaolima ardhi ya mtu mwingine, wanaokopeshwa mbegu, mbolea na chakula na mfanyabiashara, kisha wanaolipa kodi na deni kwa pamba baada ya mavuno. Mfumo huo ulimfanya mkulima wa pamba awe maskini wa pamba, kwa maana mazao safi yote yalikwenda kwa wadai, na mwanamke aliyetaka kujaza mfarishi wake alitumia pamba iliyozolewa kwenye sakafu ya kinu cha kuchambulia, ambayo ilipaswa kupigwa kwa fimbo ili itoke takataka na kulainika. Bitana nayo ilipatikana kutoka kwenye mifuko ya unga, sukari na mbolea, kwa kuwa zamani mifuko hiyo ilifumwa kwa nyuzi za pamba: ilifumuliwa, ikafuliwa, ikaunganishwa hadi kutosha upana wa kitanda.

Mifarishi ya karne ya 19 ya Gee's Bend haikusalia, na ya zamani zaidi iliyohifadhiwa ni ya miaka ya 1920. Sababu yake ni matumizi. Nyumba zilikuwa za magogo na mbao zenye nyufa, na wakati wa baridi familia ilihitaji mifarishi kadhaa kwa kila kitanda, mingine ya kujifunika na mingine ya kutandika chini. Uliochakaa ulizibia upepo dirishani au mlangoni, na ulioshindikana kabisa ulichomwa uani ili moshi wake ufukuze mbu. Kilichotengenezwa kwa mabaki kilitumika mpaka chenyewe kikawa mabaki, na mshonaji hakuwa na sababu ya kukitunza zaidi ya hapo.

Nguo za kazi

Uso wa mfarishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulishonwa hasa kwa nguo za shambani, yaani ovaroli, suruali za jinzi na mashati ya pamba yaliyochakaa kiasi cha kutofaa tena kuvaliwa. Nguo hizo ziliamua mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa vipande, kwa sababu mguu wa suruali ukipasuliwa hutoa kipande kirefu na kipana, wala hakuna maana ya kukikatakata kuwa vidogo ikiwa lengo ni kupata joto kwa haraka. La pili ni rangi, kwa sababu kitambaa cha bluu kilichopigwa na jua kwa miaka hupauka, lakini mahali palipofunikwa na mfuko au kiraka cha goti hubaki na rangi yake ya awali, hivyo mfuko ukifumuliwa huacha umbo la bluu iliyokoza katikati ya bluu hafifu. Washonaji wengi hawakuyaficha maumbo hayo, bali waliyapanga yalingane au yapingane, na mwili wa mkulima ukaacha alama zake katika tandiko la familia.

Mwaka 1932 umaskini huo uligeuka kuwa maafa. Bei ya pamba ilikuwa imeporomoka kutokana na mdororo mkuu wa uchumi, na mfanyabiashara wa mji jirani wa Camden aliyekuwa akiwakopesha wanakijiji alipofariki, warithi wake walidai madeni yote kwa mpigo, wakachukua nyumbu, ng'ombe, majembe na hata mahindi ya chakula kutoka kwa familia takriban 60, ambazo zilinusurika kwa msaada wa Shirika la Msalaba Mwekundu. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliingilia kati baadaye katika muongo huohuo. Mwaka 1937 ilimtuma mpigapicha Arthur Rothstein, ambaye picha zake zinaonyesha nyumba zilizobandikwa kurasa za magazeti ukutani ili kuzuia baridi, kisha ikainunua ardhi ya shamba la zamani, ikaigawa, na kuwakopesha wakazi fedha za kuinunua na kujenga nyumba mpya. Hatua hiyo ina uzito katika historia ya ushonaji, kwa kuwa wakati mamia ya maelfu ya Wamarekani weusi walipokuwa wakihamia miji ya kaskazini, familia nyingi za Gee's Bend zilikuwa na ardhi ya kubakia, na ujuzi ukaendelea kurithishwa kutoka kwa mama hadi binti bila kukatika.

Mfarishi unaotajwa mara nyingi kutoka kipindi hicho ni ule wa Missouri Pettway wa mwaka 1942. Baada ya kufiwa na mumewe, Missouri alimweleza binti yake Arlonzia kwamba atazichukua nguo za kazi za marehemu na kuzishona kuwa mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike kwa upendo wake. Mfarishi huo, wenye bluu, kijivu na nyekundu chache zilizopauka, sasa unamilikiwa na Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington.

Kanuni ya kazi

Ushonaji ulikuwa na hatua mbili zilizotofautiana kijamii. Kuunga uso ilikuwa kazi ya mtu mmoja, iliyofanywa nyumbani bila kushauriana, na kila mwanamke aliona fahari kutofuata mkono wa jirani yake. Kuyabana matabaka matatu ilikuwa kazi ya pamoja, ambapo wanawake walikusanyika kuzunguka fremu ya mbao, wakashona huku wakiimba na kusali, kisha wakahamia nyumba ya pili. Majira ya kuchipua yalipofika mifarishi yote ilitolewa nje na kuanikwa kwenye kamba na nyua, na hapo ndipo kila mshonaji alipoona yaliyofanywa na wenzake na kuchukua wazo la kulibadilisha msimu ujao.

Mtindo uliopendwa zaidi unaitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kipande kimoja cha mraba, akakiongezea ukanda upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu na wa nne, na kuendelea hivyo hadi miraba iliyozungukana ifike kingoni. Faida yake ni kwamba ukanda ukiisha kabla ya kufika mwisho wa upande, waweza kuunganishwa na wa rangi nyingine bila kuharibu mpango mzima, na kwa namna hiyo upungufu wa kitambaa hugeuka kuwa mabadiliko ya rangi mahali pasipotarajiwa. Mtindo wa Mwashi hupanga vipande kwa ngazi kuelekea katikati, nao wa Msichana Mvivu huunganisha kanda ndefu zilizonyooka, kazi inayokwisha haraka kuliko zote. Zaidi ya hapo kuna mifarishi isiyo na mtindo wenye jina, ambayo washonaji husema tu kwamba wameifanya kwa njia yao wenyewe.

Kura, ushirika na kodrai

Katika miaka ya 1960 mifarishi iliingia katika siasa kwa njia ya umaskini uleule. Kivuko kilichowavusha wanakijiji kwenda Camden, makao makuu ya kaunti, kilisitishwa mwaka 1962 walipoanza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, na safari ya kilomita chache ikawa mzunguko wa zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Martin Luther King alihutubia kijijini hapo Februari 1965, na katika maeneo ya jirani baadhi ya waliojiandikisha walifukuzwa kwenye ardhi waliyokodi. Kasisi wa Kianglikana, Francis Walter, aliyekuwa akikusanya taarifa za dhuluma hizo, aliona mifarishi imeanikwa kando ya njia, akainunua kadhaa na kuipeleka New York kupigwa mnada. Fedha zilizopatikana zilianzisha, Machi 1966, ushirika wa washonaji uitwao Freedom Quilting Bee, ambao kwa muda mrefu uliongozwa na Estelle Witherspoon na ambao ulikuwa miongoni mwa biashara chache za kaunti hiyo zilizomilikiwa na watu weusi.

Ushirika ulileta kipato cha fedha taslimu, lakini pia ulileta masharti. Maduka makubwa yalitaka mifarishi yenye vipimo sawa, mishono iliyolingana na mitindo iliyochaguliwa kwenye orodha, mambo ambayo mshonaji wa mabaki hakuwahi kuyafikiria, na baadhi ya wanawake waliona afadhali waendelee kushona nyumbani. Mwaka 1972 kampuni ya Sears, Roebuck iliupa ushirika mkataba wa kushona foronya za mito ya viti kwa kodrai, kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Foronya zenyewe hazikuhitaji ubunifu wowote, lakini masalio ya kodrai yaligawiwa majumbani, nayo yalikuja katika rangi za dhahabu, kijani cha parachichi, chungwa na nyekundu ya cheri. Kwa kuwa kodrai ni nene na haikubali kukunjwa katika pembe ndogondogo, washonaji waliikata katika miraba na kanda kubwa, na mifarishi ya miaka ya 1970 ikapata rangi kali na maumbo mapana ambayo baadaye wahakiki waliyalinganisha na uchoraji wa dhahania, yaani uchoraji usioiga umbo la kitu chochote halisi.

Kutoka kitandani hadi ukutani

Mfano mmoja wa kipindi hicho, ulioshonwa na Annie Mae Young mwaka 1976 kwa jinzi zilizopauka pembezoni na kanda za kodrai katikati, ulipigwa picha ukiwa umetandazwa juu ya rundo la kuni, na picha hiyo ilimfikisha mkusanyaji wa sanaa William Arnett kijijini mwishoni mwa miaka ya 1990. Maonyesho yaliyotokana na ununuzi wake yalifunguliwa mwaka 2002 katika Jumba la Sanaa la Houston, yakahamia Jumba la Whitney mjini New York na miji mingine mingi. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo, na mwaka huohuo kivuko kilirejeshwa baada ya miaka 44. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walitunukiwa Tuzo ya Urithi wa Taifa, heshima kubwa kuliko zote wanayopewa wasanii wa jadi nchini humo.

Umaarufu huo ulizua suala la mgawanyo wa mapato. Washonaji kadhaa walifungua kesi mwaka 2007 kuhusu matumizi ya kazi na majina yao katika bidhaa za kibiashara, na mwaka uliofuata pande zote zilipatana nje ya mahakama. Ushirika wa mwaka 1966 ulifungwa mwaka 2012, lakini tangu 2021 washonaji mmojammoja wameuza kazi zao moja kwa moja kwa wanunuzi kupitia intaneti, wakijipangia bei na kupokea fedha wao wenyewe.

Leo nguo mpya ni rahisi kuliko wakati wowote uliopita, na mshonaji wa Gee's Bend aweza kununua dukani kitambaa cha rangi yoyote. Wanunuzi, hata hivyo, hutafuta mfarishi unaoonyesha jinzi iliyopauka na kodrai iliyokatwa ovyo, yaani alama za uhaba ambao wanawake wa kale walijitahidi kuushinda. Kwa hiyo uhaba uliokuwa sharti la kazi umegeuka kuwa mtindo unaochaguliwa, na jambo hilo linaonyesha kwa uwazi zaidi uhodari wa waliotangulia: mitindo yao ilizaliwa kutokana na vitambaa vya shida, lakini sasa inajitegemea kiasi kwamba inaendelea hata pale shida yenyewe ilipopungua.