Marashi ya Kiarabu kwa wanaume: ipi inadumu, na ipi inakula mtaji mpakani Busia

BUSIA - Mfanyabiashara wa Buhehe anayeingia soko la Busia asubuhi na dereva wa lori anayelala kwenye foleni Malaba, wilayani Tororo, wanakutana kwenye bidhaa moja: marashi ya Kiarabu. Mmoja anauza, mwingine ananunua, na wote wanauliza swali lile lile: ipi ni nafuu na inadumu mwilini?

Wengi hujibu kwa kutazama bei iliyobandikwa kwenye chupa. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Chupa ya mililita 100 hutoa takriban mibonyezo 1,000, kwa kuwa kila mbonyezo ni kama mililita 0.1. Tuseme chupa ya kwanza ni Sh1,500 za Kenya, lakini ni nyepesi, inabidi mtu abonyeze mara nane asubuhi na mara nane tena mchana. Itaisha kwa miezi miwili, yaani Sh24 kwa siku. Chupa ya pili ni Sh3,500, inabonyezwa mara tano asubuhi na jioni bado inasikika. Hiyo itafika siku 200, chini ya Sh18 kwa siku. Ya bei ya juu ndiyo nafuu. Mfano huu ni wa kukadiria tu, lakini muuzaji anayeweza kumfanyia mteja hesabu hii kaunta atauza zaidi ya yule anayesema "hii ni kali sana".

Maandishi kwenye boksi

Anza na maandishi madogo. "Eau de Toilette" kwa kawaida ina mafuta ya manukato asilimia 5 hadi 15. "Eau de Parfum" ni asilimia 15 hadi 20. "Extrait" huzidi hapo. Iliyoandikwa "Cologne" mara nyingi haifiki asilimia 5, na kwa joto la huku karibu na Ziwa Victoria itakuwa imekwisha kabla chai ya saa nne haijaletwa.

Lakini asilimia si kila kitu. Limau, chungwa na tufaha huruka haraka hata zikiwa nyingi. Kinachobaki ni vitu vizito: miski, ambari, sandali, udi, vanila, ubani. Ndiyo maana marashi ya Kiarabu yamejijengea jina la kudumu, kwa kuwa yamesheheni hivyo vya chini.

Kwa mchana wa jua, ndani ya gari lililojaa, utamu mzito huchosha abiria wenzako. Hawas ya Rasasi, kampuni ya Dubai iliyoanza 1979, ina tufaha na harufu ya maji juu, ambari na miski chini. Club de Nuit Intense Man ya Armaf, iliyotoka 2015, inaanza na limau na nanasi kisha inatua kwenye harufu ya moshi na miski. Asad ya Lattafa, ya mwaka 2021, ina pilipili manga, tumbaku, kahawa na vanila; hiyo naiona ni ya jioni, harusi au ibada ya asubuhi na mapema. Kwa mwenye mfuko mdogo, vichupa vya kupaka vya mililita 6 vya Al-Rehab kutoka Saudi Arabia ni mafuta yasiyo na alkoholi. Havisikiki mbali, ila hukaa karibu na ngozi muda mrefu, na Waislamu wengi huvipenda kwa swala.

Anayekuuzia "udi halisi" kwa bei ya soda anakudanganya. Udi wa asili hutoka kwenye mti wa Aquilaria uliougua, na biashara ya aina zote za mti huo inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES tangu 2005. Kwenye chupa za bei nafuu, udi hutengenezwa maabara. Hilo si kosa, mradi bei ilingane.

Jaribu kwenye ngozi, si kwenye karatasi. Kisha nenda ukafanye shughuli zako na urudi baada ya saa nne. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua chupa stendi kwa kunusa kifuniko tu. Alipofika nyumbani, ilikuwa maji na spiriti.

Bandia na inayofanana

Wateja huchanganya mambo mawili. Harufu inayofanana na ya kampuni kubwa ya Ulaya, lakini ina jina lake yenyewe, ni biashara ya kawaida. Kubandika jina la mwingine ni bidhaa bandia, na Kenya ina sheria dhidi yake tangu 2008. Linganisha namba ya toleo chini ya chupa na iliyo kwenye boksi: zisipolingana, acha. Namba ya mistari inayoanza na 629 inaonyesha imesajiliwa Falme za Kiarabu, 628 Saudi Arabia. Mwigaji naye anaweza kuichapa, hivyo isiwe ushahidi wako wa pekee.

Kwenye dirisha la forodha

Hapa ndipo mitaji midogo inapozama. Cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya jumuiya. Marashi ya Dubai hayamo, hata kama uliyanunua Eastleigh na una risiti ya Nairobi. Kuyamimina kwenye vichupa vipya hakuyapi uraia pia. Kanuni za asili ya bidhaa hazihesabu kutia kwenye chupa kuwa ni kutengeneza.

Kwa hiyo mzigo unaoingia Uganda utahesabiwa ni wa kutoka nje, na VAT ya huko ni asilimia 18 dhidi ya 16 ya Kenya, mbali na ushuru mwingine. Weka gharama hizo kwenye bei kabla ya kununua. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kuzinduliwa rasmi Februari 2018, mzigo unashughulikiwa upande unaoingia, foleni moja badala ya mbili, kwa hiyo kisingizio cha njia ya panya kimepungua. Anayepita magendo akikamatwa hupoteza boksi zima, faida na mtaji pamoja.

Wasafirishaji nao wasichukulie boksi hili kama sabuni. Marashi yana alkoholi na kimataifa yamo katika kundi la vimiminika vinavyowaka, namba UN 1266. Yasikae karibu na injini wala jiko la dereva. Abiria wa ndege kutoka Dubai kwa kawaida haruhusiwi kuzidi lita 2 kwa jumla, yaani chupa 20 za mililita 100, na vipodozi vyake vingine vinahesabiwa humo humo.

Joto na mwanga huharibu harufu. Chupa zilizopangwa dirishani kwenye jua la mchana kwa miezi mitatu ni zile ambazo mteja atazirudisha, kwa hiyo onyesha boksi tupu na uweke chupa kivulini.