Majitaka na Maisha ya Pamoja: Fundisho la Nyanda za Buha

Utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Namna watu wanavyoyaondoa maji machafu majumbani mwao ni sehemu ya utamaduni huo, nayo ina historia yake. Historia hiyo yaweza kusomwa vema katika nyanda za juu za Buha, pande za Kasulu na Kibondo.

Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, ilikuwa makao ya Mwami wa Heru. Hapo ndipo alipotawala Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache walioshika uchifu katika Tanganyika, kabla uchifu haujafutwa mwaka 1963. Lakini Waha wengi wa zama hizo hawakuishi katika nyumba zilizobanana. Waliishi mbalimbali vilimani, kila kaya na migomba yake. Maganda, majivu na maji ya kuoshea vyombo vilimwagwa migombani. Udongo ukavipokea, migomba ikastawi. Kwa watu wachache katika eneo kubwa, ardhi yenyewe ilitosha kuwa msafishaji.

Mwaka 1972 Operesheni ya vijiji iliingia Mkoa wa Kigoma. Watu walikusanywa pamoja, wengine kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa. Shule na zahanati zilisogezwa karibu nao, lakini uchafu nao ukasogea. Ardhi iliyozoea kupokea taka za kaya moja ikatakiwa kupokea za kaya nyingi.

Mwaka uliofuata, 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilienea nchi nzima. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Ubora wa kampeni ile ulikuwa katika mpango huo: neno lilifuatwa na kazi.

Hata hivyo, choo cha shimo kina mpaka wake. Katika nchi ya vilima, chemchemi hububujika chini ya makazi, na kinachozama juu huweza kutokea bondeni. Achimbaye shimo mahali pasipofaa humpangia jirani yake maji ya kunywa. Mji ukikua, mashimo huongezeka na hujaa, na swali huwa si wapi pa kuchimba, bali yaliyomo yapelekwe wapi. Mwezi Mei 1840 au 1940 swali hilo lingeweza kungoja. Mwezi Mei 2015 halikungoja. Maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipobanana Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kilizuka na kuua watu.

Ipo njia isiyohitaji mitambo ya gharama kubwa, nayo ni mabwawa ya majitaka, kama yale ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na vijidudu visivyohitaji hewa. Katika la pili, jua huotesha mwani wa kijani, nao hutoa hewa ya oksijeni inayovisaidia vijidudu vingine kumaliza kazi. Katika la mwisho, lenye kina kifupi, mwanga wa jua na muda huua viini vingi vya maradhi. Mteremko wa kilima waweza kuyasukuma maji bila pampu, ingawa ubaridi wa nyanda za juu hupunguza kasi ya kazi hiyo, na kwa hiyo mabwawa hayana budi kuwa makubwa zaidi. Tope nalo sharti liondolewe kwa wakati wake.

Tazama basi, ndugu msomaji: udongo, jua na viumbe vidogo ndivyo vilivyofanya kazi migombani, na ndivyo vinavyofanya kazi bwawani. Kilichobadilika ni sisi, tulioamua kuishi pamoja. Aishiye peke yake humwaga maji yake apendapo. Aishiye na wenzake hana budi kuuliza ni nani yuko chini yake. Walimu na wanafunzi na waanze na swali hilo katika shule zao wenyewe: maji yetu machafu yanakwenda kwa nani?