Hadithi Ziishapo: Vitabu vya Vijana wa Marekani na Majonzi ya Wasomaji Wake

Mwezi wa Oktoba 2013 vijana wengi wa Marekani walimlilia msichana ambaye hakupata kuwako duniani. Jina lake ni Tris Prior, na mtungaji wake ni Veronica Roth, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 25. Kitabu cha tatu cha hadithi yake, kiitwacho Allegiant, kilitolewa tarehe 22 ya mwezi huo, na waliokuwa wakikingojea walikisoma kwa pupa. Walipokaribia mwisho walimkuta Tris amepigwa risasi, naye hakupona. Majonzi yaliyofuata yalikuwa makubwa, na ghadhabu pia. Wako waliomlaumu mtungaji kana kwamba ameua mtu wa jamaa yao.

Ni rahisi kuyacheka mambo hayo, walakini si mageni. Charles Dickens alipokuwa akiitoa The Old Curiosity Shop kidogo kidogo, katika 1840 na 1841, wasomaji walimpelekea barua wakimsihi asimwue mtoto Nell, hakuwasikia. Arthur Conan Doyle naye alimtumbukiza Sherlock Holmes katika maporomoko ya Reichenbach, Desemba 1893, na wasomaji wa gazeti la The Strand wakakasirika. Kile kisa kinachopendwa sana kusimuliwa, cha vijana wa London kuvaa vitambaa vyeusi vya matanga, ushahidi wake wa miaka ile ni haba mno, na yafaa kiachwe. La hakika ni kwamba katika 1903 Doyle alimrudisha Holmes, hai na mzima. Hapo msomaji alishinda.

Hadithi za vijana zilizoenea Marekani tangu miaka ya 1990 zina jambo lao tena. Nyingi hueleza dunia ya baadaye iliyoharibika: watawala wanaamua kila kitu, watu wamegawanywa mafungu, na mtoto mmoja ndiye agunduaye uwongo uliofichwa. Kiswahili hakijapata neno moja lililokubaliwa na wote kwa hadithi za namna hii, wala hapana haja ya kuliunda kwa haraka. Hutolewa kwa vitabu vitatu au vinne, na kati ya kimoja na kingine aghalabu hupita mwaka au zaidi. Kijana aliyeanza akiwa na miaka 13 humaliza akiwa na 15 au 16. Afungapo kitabu cha mwisho huwa anaagana na mtu aliyekua pamoja naye, jambo ambalo mtu mzima asomaye riwaya kwa juma moja halipati.

Wa kutazamwa kwanza ni Lois Lowry, ambaye kitabu chake The Giver kilitolewa 1993 na kupewa nishani ya Newbery mwaka uliofuata. Humo wamo watu walioondolewa kumbukumbu zote za maumivu, na pamoja nazo furaha na hata rangi. Mtungaji mwenyewe ameeleza kwamba wazo hilo lilitokana kwa sehemu na hali ya baba yake mzee, aliyekuwa akipoteza kumbukumbu hata akasahau kifo cha binti yake mkubwa. Kusahau kwa namna hiyo ni rehema au ni hasara? Ndilo swali la kitabu kizima. Mwishoni mvulana Jonas anatoroka na mtoto mchanga Gabriel, wanateremka kilima cha theluji, anaona taa na kusikia muziki, na hadithi inakatika. Wamefika, au wanakufa kwa baridi? Watoto wengi waliandika kuuliza, na Lowry akakataa kuwapa jibu moja. Katika Messenger, 2004, ndipo ilipodhihirika kwamba Jonas yu hai na amekuwa mtu mzima. Na katika Son, 2012, Gabriel akaonana na mama yake. Ilikwisha pita miaka 19. Aliyeuliza akiwa na miaka 12 alipata jibu kamili akiwa na 31, pengine naye ana mtoto wake. Kwa kweli ule mwisho wa kwanza, wenye shaka, ndio uliokuwa bora. Lakini aliyekaa na shaka hiyo muda wote huo hawezi kulaumiwa kwa kufurahi.

Suzanne Collins alishika njia iliyo kali zaidi. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la anga, akaenda vita vya Vietnam yeye akiwa bado mtoto mdogo. Hadithi yake, The Hunger Games, ilianza 2008 kwa Katniss Everdeen kujitoa mahali pa mdogo wake Prim. Katika Mockingjay, 2010, vita vimekwisha kwa ushindi, na Prim ameuawa kwa mabomu ambayo yaelekea yalitupwa na upande wa Katniss mwenyewe. Tendo lile lililompendeza msomaji tangu mwanzo halikumwokoa aliyekusudiwa. Katniss anapata mume na watoto wawili, lakini ndoto mbaya hazimwachi. Wako waliolalamika kwamba ushindi huo hauna shangwe. Malalamiko hayo ndiyo sifa ya kitabu, kwani Collins hakumdanganya mtoto juu ya vita. Amerudi katika nchi ile ile ya Panem mara mbili, 2020 na 2025, na mara zote mbili amekwenda nyuma, kabla ya siku ya Prim.

Roth alistahili kusomwa kwa utulivu kuliko alivyosomwa. Vitabu viwili vya kwanza vyasimuliwa na Tris peke yake; katika cha tatu anasema pia mpenzi wake Tobias, na msomaji mwangalifu angejiuliza mapema kwa nini hadithi yahitaji mdomo wa pili. Wazazi wa Tris walikufa kwa ajili yake katika kitabu cha kwanza, 2011. Katika cha pili alijisalimisha kwa adui, na kujitoa kule kulikuwa karibu sana na kutamani kufa. Katika cha tatu anakwenda mahali pa kaka yake aliyemsaliti, naye safari hii anataka kuishi. Baada ya makelele Roth aliandika kueleza kwamba mwisho huo ulitoka katika upendo ule wa wazazi, na hoja hiyo yasimama. Palipolegea ni penginepo: mambo ya dunia iliyo nje ya Chicago yamerundikwa kwa haraka, hata msomaji akakifikia kifo akiwa amechoka.

Watunzi wa tenzi wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa na desturi ya kufunga kwa beti za kutaja jina lao, hesabu ya beti na kuomba msamaha. Msikilizaji aliambiwa waziwazi kwamba kazi imetimia, akapata nafasi ya kushusha pumzi. Riwaya haina adabu hiyo. Ukurasa huisha, na msomaji huachwa peke yake chumbani.

Sinema za vitabu vya Roth zilianza 2014. Ile ya Allegiant, ya 2016, ilichukua sehemu tu ya kitabu cha tatu, haikupata fedha zilizotarajiwa, na ya nne iliyokusudiwa kuimaliza haikutengenezwa. Aijuaye hadithi kwa sinema peke yake humwacha Tris akiwa hai.