Imatinibu

Imatinibu ni dawa ya kumeza inayotibu hasa leukemia sugu ya mieloidi, aina ya saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho na kuijaza damu chembe nyeupe kupita kiasi. Iliidhinishwa Marekani tarehe 10 Mei 2001, na kwa wagonjwa wengi imejulikana kwa jina la biashara la Glivec. Kabla yake mgonjwa alitegemea haidroksiyurea, sindano za intaferoni, au kupandikizwa uboho akibahatika kupata mtu wa kumchangia. Imatinibu iliitoa tiba wodini na kuipeleka mezani, karibu na sahani ya chakula. Tangu hapo usalama wa tiba umekuwa mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, siku zote ambazo daktari hamwoni.

Chimbuko

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, watafiti wa mjini Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida ndani ya chembe za wagonjwa wa leukemia hii. Ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionyesha kwamba ufupi huo unatokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Pale vipande vinapoungana huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na protini yake huiamuru chembe ijigawe bila kukoma.

Imatinibu hukaa mahali ambapo protini hiyo huchukulia nguvu, nayo ikazimika. Kazi hiyo ya kupendeza ilitokana na ushirikiano wa mwanakemia Nicholas Lydon, aliyekuwa katika kampuni ya Ciba-Geigy, na daktari Brian Druker wa Oregon. Majaribio kwa binadamu yalianza mwaka 1998. Katika utafiti mkubwa uitwao IRIS, uliohusisha wagonjwa 1,106, asilimia 83 ya walioanza na imatinibu walikuwa hai baada ya miaka 10. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukawa wa kuishi nao.

Jinsi ya kumeza

Dozi ya kawaida ya mtu mzima katika hatua ya awali ya ugonjwa ni miligramu 400, mara moja kwa siku. Ugonjwa ukishachachamaa, dozi huanzia miligramu 600. Vidonge humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kwa sababu dawa hii hulichokoza tumbo. Anayeimeza akiwa na njaa hupata kichefuchefu, na kichefuchefu hicho ndicho huwafanya wengi waanze kuikwepa. Mlo mzito wa siku ndio wakati mzuri, na kwa kuwa dozi ni moja, mfungaji wa Ramadhani anaweza kuzungumza na daktari wake juu ya kuimeza wakati wa futari.

Asiyeweza kumeza kidonge hukitia katika maji au juisi ya tofaa, mililita 50 kwa kidonge cha miligramu 100 na mililita 200 kwa kile cha 400, akakoroga kwa kijiko hadi kisambaratike, kisha akanywa papo hapo. Kidonge hakisagwi kikavu, na unga wake usiguswe kwa mkono mtupu. Vidonge hukaa kwenye pakiti yake, pakavu, mbali na joto kali na mbali na watoto.

Dozi iliyosahaulika humezwa mara inapokumbukwa. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, iliyopita huachwa. Kufidia kwa kumeza dozi mbili kwa mpigo ni kosa la hatari.

Kutoruka dozi

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Mgonjwa aliyetibiwa vizuri hujisikia mzima: bandama iliyokuwa imevimba imenywea, nguvu zimerudi, amerejea kazini. Ni rahisi aone dozi moja moja hazina maana, hasa kidonge chenyewe kinapomletea uvimbe au kukakamaa kwa misuli.

Utafiti wa hospitali ya Hammersmith, London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia wagonjwa 87 kwa chupa zenye vifuniko vilivyorekodi kila zilipofunguliwa. Miongoni mwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kufikia kiwango kizuri cha kushuka kwa BCR-ABL ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 94.5. Kwa waliomeza asilimia 90 au pungufu, ulikuwa asilimia 28.4. Asilimia 90 maana yake ni kuruka takribani dozi tatu kwa mwezi. Ubelgiji nako, uchunguzi wa wagonjwa 169 ulikuta kwamba ni asilimia 14 tu waliomeza dozi zote kama walivyoandikiwa. Hao hawakuwa watu wazembe. Dawa ya kila siku isiyo na mwisho unaoonekana humchosha yeyote, na kliniki nzuri humuuliza mgonjwa kuhusu dozi alizokosa bila kumkaripia.

Dawa nyingine na vyakula

Imatinibu huvunjwavunjwa na ini, kwa kimeng'enya kinachoshughulika pia na dawa nyingine nyingi. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, hukichochea kimeng'enya hicho kiasi cha kupunguza imatinibu mwilini kwa karibu robo tatu. Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu bado ni kingi, mgonjwa anaweza kuwa anameza kila siku bila kukosa na bado saratani ikarudi kwa sababu hiyo. Fenitoini na karbamazepini za kifafa huleta tatizo hilo hilo, na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi, huhitaji uangalizi wa aina hiyo. Kinyume chake, ketokonazoli, klarithromaisini na juisi ya balungi huweza kuipandisha dawa na kuzidisha madhara. Warfarini na simvastatini zinataka tahadhari, na hata parasetamoli isimezwe ovyo. Mitishamba mingi haijawahi kupimwa pamoja na imatinibu. Mgonjwa aitaje kwa daktari, na daktari aulize kwa upole ili aambiwe ukweli.

Madhara

Yanayojulikana sana ni kuvimba kope, hasa asubuhi, kichefuchefu, kuharisha, vipele, uchovu na misuli kukakamaa. Mengi hupungua yenyewe au hutulizwa. Ngozi nyeusi huweza kupauka usoni na mikononi, jambo linalomtia mtu wasiwasi kuliko vitabu vinavyokiri, hasa asipoambiwa mapema.

Homa, kutokwa damu, choo cheusi, macho ya manjano, kupumua kwa shida au uzito kupanda ghafla ni sababu za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa huweza kushusha chembe nyeupe na chembe sahani, hivyo picha kamili ya damu hupimwa kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili mwezi wa pili, kisha kwa nafasi zaidi. Ini hupimwa pia. Daktari ndiye anayesimamisha dawa kwa muda.

Ujauzito

Imatinibu huweza kudhuru mimba. Mwanamke hutumia uzazi wa mpango wa uhakika, na hanyonyeshi.

Ufuatiliaji

Kipimo cha BCR-ABL hulenga asilimia 10 au chini baada ya miezi 3, asilimia 1 baada ya miezi 6, na 0.1 baada ya mwaka. Nchini Ufaransa, wagonjwa 100 ambao ugonjwa wao haukuonekana kwa angalau miaka 2 waliachishwa dawa chini ya uangalizi. Zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia, wengi ndani ya miezi 6, nao walidhibitiwa tena kwa dawa. Kuacha kwa hiari yako bila kipimo hicho ni jambo jingine kabisa.

Upatikanaji

Bei ya awali ilikuwa nje ya uwezo wa karibu kila mgonjwa wa kanda hii. Mpango wa msaada wa GIPAP, ulioanza mwaka 2002, uliwafikishia wengi dawa bure, kupitia Nairobi Hospital nchini Kenya na Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia Novartis, kampuni inayotengeneza Glivec, hataza, na dawa za bei nafuu kutoka huko zikaendelea kutengenezwa. Imatinibu imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa za jamii yake

Dasatinibu huweza kujaza maji kwenye kifua. Nilotinibu humezwa tumbo likiwa tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena. Anayehamishiwa dawa hizi kutoka imatinibu huelezwa upya tangu mwanzo.