Ubahili wa Wapare na Chupa ya Dawa

Sisi Wapare tunajulikana nchi nzima kwa jambo moja: shilingi yetu haitoki mfukoni. Watani zetu Wachagga wana vichekesho vya Mpare na fedha yake kwa kila msiba na kila harusi, na huvisimulia mbele yetu bila haya. Mimi nimeshazoea. Lakini wiki hii, ndugu msomaji, nataka tuutazame huo ubahili kwa jicho la historia, kwa sababu nina jambo la kuwaomba wenzangu wa Maore na wilaya nzima ya Same, hata wale waliohamia mijini siku nyingi. Nalo ni mchango kwa ajili ya watoto wagonjwa ambao hawatapona.

Tuanze na mwaka 1945. Wakati wa vita kuu ya pili, utawala wa kikoloni ulileta Upare kodi iliyoitwa mbiru. Badala ya kila mtu kulipa kiasi kimoja, watu walipimiwa mali zao, na kila mmoja akapangiwa cha kulipa. Januari mwaka ule maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Wanawake wa Usangi nao waliandamana kivyao, na maneno waliyomwambia mtawala hayafai kusomwa redioni saa za chakula. Mwaka 1947 mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971, na anayetaka habari kamili akitafute.

Watani wetu husema, mnaona, hata Mwingereza alishindwa kuwatoa fedha! Lakini watu haohao waliogomea mbiru walikuwa wakitoka wote kwenye msaragambo. Mbiu ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake. Mifereji ya maji, ndiva za kuhifadhia maji ya kumwagilia, njia za milimani, baadaye shule na zahanati, vyote vimepita katika mikono ya msaragambo bila ujira. Kwa maoni yangu tofauti ni moja tu. Mfereji mtu anauona, na maji yanafika shambani kwake. Mbiru ilipimwa na mtu mwingine, ikaenda asikokujua.

Historia yetu ina upande mwingine pia, ambao hatupendi kuutaja. Kule Mbaga wageni huonyeshwa jiwe liitwalo Malameni. Wanaowatembeza husimulia kwamba zamani watoto walioonekana kuwa na mkosi, kama kigego aliyeota meno ya juu kwanza, walipelekwa hapo wasirudi, na kwamba mambo hayo yalikoma katika miaka ya 1930. Siyasemi haya ili kuwadharau babu zetu. Walikuwa wanakabiliana na jambo wasilolielewa, wakaliondoa machoni. Swali langu ni kama sisi tuliosoma tumefanya bora kuliko hapo.

Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuona mtoto wa jirani akirudishwa kijijini kutoka hospitali moja kubwa, sitaitaja, akiwa na uvimbe tumboni na karatasi mkononi mwa mama yake. Waliambiwa warudi nyumbani kwa kuwa hakuna la kufanya. Dawa waliyopewa ilikuwa vidonge vya kawaida vya maumivu, vile vya kichwa. Nyumba ile haikulala kwa wiki kadhaa, na majirani tukaanza kupita njia ya mbali ili tusisikie kilio.

Maneno yale, kwamba hakuna la kufanya, yalianza kupingwa zamani. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London, akionyesha kwamba mgonjwa asiyepona anaweza kupewa mofini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, akaishi siku zake akiwa na akili timamu. Mwaka 1979 huduma hiyo ikaanza Zimbabwe, ikiwa ya kwanza Afrika. Hospisi ya kwanza ya watoto, Helen House, ilifunguliwa Oxford mwaka 1982. Nairobi wakapata yao mwaka 1990.

Kisha ikaja Kampala. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda akiwa na fedha za kuwatosha watu watatu kwa miezi mitatu tu. Alikuja na utaratibu wa kutengeneza mofini ya maji: unga wa dawa, maji, kitu cha kuzuia isiharibike, na rangi ya kutofautisha nguvu ya kila chupa. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini wenyewe, kwa kuwa ukimsubiri daktari kijijini utamzika mgonjwa kwanza.

Huku kwetu tiba shufaa, kama tunavyoiita, ilikuzwa na taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza hospisi mwaka 1999. Muheza, ambako mtu wa Maore akitokea Mkomazi anaweza kufika bila kupitia Same, ilianza mwaka 2001. Msomaji asidhani hospisi lazima iwe jengo. Mara nyingi ni muuguzi mwenye pikipiki, daftari na chupa. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Mtoto asiyejua kusema anaumwa kiasi gani huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia, naye huonyesha yake. Mofini hufunga choo, na wauguzi wa Uganda wamefundisha watu kutumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Papai Maore si la kutafuta.

Wala tusichanganye mambo. Saratani nyingi za watoto hutibika zikiwahiwa, ukiwemo uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Uganda mwaka 1958. Mtoto mwenye uvimbe apelekwe hospitali mapema. Tiba shufaa huenda pamoja na matibabu, na humfaa pia mtoto wa seli mundu ambaye ana miaka mingi mbele yake.

Sasa fedha. Sehemu kubwa ya huduma hizi ilikua kwa fadhila za wafadhili wa nje, hasa fedha za Ukimwi kutoka Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Anayemtegemea mgeni kwa mafuta ya pikipiki ajue mgeni anaweza kuondoka bila kuaga.

Ombi langu basi ni msaragambo. Hospitali ya Gonja iko papo hapo Maore, na zahanati zipo. Kila kijiji kichague watu watatu, angalau mmoja awe mama aliyewahi kuuguza mtoto. Wakubaliane na wauguzi wakuu wa wilaya ni nani atasomeshwa tiba shufaa na nani atawatembelea watoto majumbani. Mchango uwe mdogo na sawa kwa wote, asipimiwe mtu mali yake. Mwisho wa mwezi hesabu zibandikwe ukutani, lita za mafuta, chupa zilizotoka na watoto waliotembelewa bila majina yao, ili hata Mpare mgumu kuliko wote asimame pale na miwani yake ajumlishe mwenyewe.